Kozi Ina Bajeti, Mshahara Hauna Mwenyewe

Tarehe 8 Aprili 2018, maofisa usalama wa Somalia waliizuia ndege iliyotua Mogadishu ikitokea Falme za Kiarabu. Humo walikuta mifuko mitatu isiyo na alama, imejaa dola za Kimarekani taslimu, jumla yake milioni 9.6. Serikali ya Somalia ikadai kwamba haijui fedha hizo ni za nini. Falme zikajibu kwamba ni za wanajeshi wa Somalia ambao zilikuwa zikiwafunza na kuwalipa kwa makubaliano ya pande mbili. Kwa hesabu zao, waliokuwa wakilipwa mishahara ni askari 2,407. Wiki moja baadaye zikatangaza kuufunga mpango mzima. Tarehe 23 mwezi huohuo, kambi ya mafunzo iliyokuwa chini yao mjini humo ikaporwa na wanajeshi, na bunduki zilizotoka humo zikaingia sokoni.

Siasa zilikuwa nyingi nyuma ya mkasa ule: ugomvi wa Qatar na majirani zake, mkataba wa bandari ya Berbera huko Somaliland, na Mogadishu kukataa kuegemea upande wowote. Lakini hata siasa hizo zikiwekwa kando, linabaki swali la kihasibu. Nchi inapogharamia mafunzo ya jeshi la nchi nyingine, fedha hizo zinapita mkononi mwa nani, zinaandikwa kwenye daftari la nani, na zikipotea anaulizwa nani?

Somalia inafaa kulijibu kuliko nchi nyingine za ukanda wetu, kwa kuwa wafadhili wa kila aina wamepita hapo: Marekani, Umoja wa Ulaya, Uingereza, Uturuki, Falme za Kiarabu, Ethiopia, Kenya, Uganda, Eritrea. Na jibu linalojitokeza ukiipitia mipango hiyo mmoja mmoja si lile la haraka, kwamba fedha zimeliwa. Fedha za kozi kwa kawaida hutumika kwenye kozi. Balaa huanza siku kuruta anapohitimu, kwa sababu kuanzia siku hiyo anahitaji mshahara, chakula, kamanda na jina kwenye orodha, na hayo yote hayamo kwenye kasma ya mtu yeyote.

Fedha zinatoka wapi

Marekani ndiyo yenye utaratibu ulioandikwa kwa kina zaidi. Mpango wake mkongwe ni IMET, ulioanzishwa mwaka 1976, unaowapeleka maofisa wa nchi rafiki kwenye vyuo vya kijeshi vya Marekani. Wengi wao huanzia darasa la Kiingereza katika kituo cha Lackland, Texas, kabla ya kushika ramani au hesabu za bohari. Bajeti yake kwa dunia nzima imekuwa ikizunguka dola milioni 110 kwa mwaka, kiasi kidogo kwa vipimo vya Washington. Fedha hizo ni za Wizara ya Mambo ya Nje, ila wanaoziendesha ni wa Wizara ya Ulinzi. Mwanzoni hilo lilikuwa na mantiki: mwanadiplomasia anaamua nani asaidiwe, mwanajeshi anafundisha.

Vita dhidi ya ugaidi vikabadilisha mambo. Kuanzia mwaka wa fedha 2006 Pentagon ikapewa na Kongresi mamlaka yake yenyewe ya kufunza na kuvipa vifaa vikosi vya nje kwa kutumia bajeti ya ulinzi. Mamlaka hayo yaliongezeka moja baada ya jingine hadi Desemba 2016, sheria ilipoyakusanya mengi katika kifungu kimoja, cha 333. Chini ya kifungu hicho wizara hizo mbili hupanga pamoja, Kongresi hupewa taarifa siku 15 kabla mradi haujaanza, na tathmini imekuwa sharti la kisheria. Hata hivyo mifuko imebaki miwili. Mmoja unawaza uhusiano wa miaka 20 ijayo, mwingine unamwaza adui wa mwezi huu.

Halafu ipo kalenda. Aliyewahi kufanya kazi serikalini Dodoma au Nairobi anaujua mwezi Juni ulivyo: kasma ambayo haijatumika inatafutiwa semina. Juni ya Washington ni Septemba, kwa kuwa mwaka wao wa fedha hufungwa tarehe 30 ya mwezi huo. Mafungu mengine yameruhusiwa kuvuka mwaka, lakini msukumo ni uleule. Kozi ya wiki kumi inaingia vizuri ndani ya mwaka wa fedha. Kujenga ofisi ya mishahara ya jeshi kunachukua miaka kumi, na hakuna sherehe ya kuhitimu ya kumwalika balozi.

Ulaya ina kikwazo cha aina nyingine. Mkataba wa Umoja wa Ulaya, katika ibara ya 41, unakataza bajeti ya kawaida ya Umoja kubeba gharama za operesheni za kijeshi. Ndipo ikabuniwa mifuko ya pembeni. Mwaka 2004 uliundwa mfuko wa amani kwa Afrika, uliochota kwenye fungu la maendeleo. Huo ndio uliolipa posho za askari wa Umoja wa Afrika nchini Somalia. Machi 2021 ukaja mfuko mpya wa amani wa Ulaya, nao uko nje ya bajeti, na tofauti na uliotangulia unaweza kununua hata silaha za kuua.

Matokeo yake yalionekana Bihanga, kambi iliyoko magharibi mwa Uganda, ambako kuanzia Aprili 2010 Umoja wa Ulaya uliwafunza askari wa Somalia. Ulaya ilileta wakufunzi. Uganda ilitoa kambi na wakufunzi wa nyongeza. Marekani ikabeba usafiri wa kuwarudisha Mogadishu na posho zao. Hadi mwisho wa 2013, kazi ilipohamishiwa Mogadishu, askari takribani 3,600 walikuwa wamepita hapo. Kila mshirika aliweza kuripoti kwamba sehemu yake imekamilika. Asiyekuwapo ni mmoja wa kuulizwa kuhusu jambo zima.

Kundi la tatu ni la mataifa yanayotoa bila kupitia mijadala mirefu ya hadharani. Uturuki ilifungua kambi yake kubwa Mogadishu Septemba 2017, iliyogharimu kama dola milioni 50, na wahitimu wake hutoka wakielewa amri kwa Kituruki. Eritrea ilipokea maelfu ya vijana wa Kisomali kuanzia 2019; Januari 2021 wazazi waliandamana Mogadishu wakiuliza watoto wao wako wapi, na vijana wakaanza kurejeshwa Desemba 2022. Mpango usio na taarifa kwa umma una wepesi wake, kwani unaanza haraka. Kasoro yake ni kwamba unaweza kufungwa kwa haraka ileile, kama ilivyokuwa Aprili 2018, na askari 2,407 wakaamka bila mwajiri.

Kinachohesabika na kisichohesabika

Taarifa za mafunzo zina neno moja linalopendwa: wahitimu. Idadi yao ni rahisi kuipata, inapanda kila mwaka, na bunge la mfadhili linaielewa. Haisemi wako wapi leo.

Desemba 2008, kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lililofuatilia vikwazo vya silaha Somalia lilikadiria kwamba asilimia kama 80 ya askari na polisi wa serikali ya mpito, watu wapatao 15,000, walikuwa wametoroka, wengi na sare na bunduki zao. Mwaka 2010 ikaripotiwa kwamba mamia ya waliofunzwa Djibouti kwa fedha za Marekani wameondoka kwa kukosa mshahara wa dola 100 kwa mwezi, na baadhi wamekwenda upande wa al-Shabaab. Mwaka mmoja kabla, Human Rights Watch ilikuwa imeeleza jinsi vijana, wakiwamo wakimbizi wa kambi za Dadaab, walivyokuwa wakiandikishwa kwenda kufunzwa ndani ya Kenya kwa ahadi ya hadi dola 600 kwa mwezi. Serikali ya Kenya ilikanusha kuwaandikisha wakimbizi.

Mkono mtupu haulambwi. Kijana aliyefundishwa kufungua na kufunga bunduki gizani, akaambiwa asubiri mshahara usiokuja, ana ujuzi unaouzika mtaani kwake. Mfadhili amemwongezea bei.

Mambo yalizidi kuwa machungu kwa sababu ya aliyesimama jirani yake. Askari wa Uganda au Burundi aliyekuwa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, alihesabiwa dola 1,028 kwa mwezi kutoka Ulaya. Serikali yake ilikata kama 200, na Januari 2016 Ulaya ikapunguza mchango wake kwa asilimia 20. Hata baada ya makato hayo, alikuwa akipata mara kadhaa ya askari wa Somalia aliyekuwa naye kwenye handaki moja, akilinda nchi yake mwenyewe. Hakuna somo la uzalendo linaloweza kuziba pengo la namna hiyo.

Si Somalia peke yake. Mwaka 2015 Marekani ilitenga dola milioni 500 kuwafunza wapiganaji wa Syria dhidi ya ISIS. Septemba mwaka huo Jenerali Lloyd Austin wa jeshi la Marekani aliulizwa na maseneta ni wangapi wako vitani. Akajibu kwamba ni wanne au watano.

Mali bila daftari

Watanzania wanakumbuka uhakiki wa 2016, ulioondoa watumishi hewa zaidi ya 10,000 kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Majeshi yanayofadhiliwa kutoka nje yana askari hewa, nao ni ghali zaidi, kwa kuwa mbali na mshahara wanakula mgao wa chakula, mafuta na risasi.

Afghanistan ndiyo kielelezo kikubwa. Katika miaka 20 Marekani ilitenga karibu dola bilioni 90 kwa vikosi vya usalama vya nchi hiyo, na tofauti na Somalia, humo mishahara ilikuwamo. Mapema 2017 Wamarekani waliacha kulipia askari zaidi ya 30,000 walioshukiwa kuwa majina matupu. Orodha zilikuwa zikitoka kwa makamanda, na makamanda ndio waliofaidi pengo kati ya walioandikwa na waliopo.

Mkaguzi maalumu wa Marekani kwa Afghanistan alikwenda hadi kwenye kitambaa. Ripoti yake ya Juni 2017 iligundua kwamba waziri wa ulinzi wa Afghanistan wa wakati huo alipendezwa na sare zenye mchoro wa msituni uliokuwa na hakimiliki, na maofisa wa Marekani wakaridhia bila kupima kama unafaa. Misitu ya nchi hiyo ni kama asilimia 2.1 tu ya ardhi yake. Uamuzi huo ulikadiriwa kuongeza gharama kwa hadi dola milioni 28 katika mwongo mmoja. Hakuna aliyeiba hapo, na risiti zote zipo. Wanafunzi wa uhasibu wangepaswa kufundishwa mfano huu, kwa maana unaonyesha kwamba hesabu inaweza kufungwa sawasawa na fedha zikawa zimepotea.

Somalia ilipata somo lake Desemba 2017, Marekani iliposimamisha chakula na mafuta kwa sehemu kubwa ya jeshi la nchi hiyo, kwa kuwa jeshi lilishindwa kuonyesha vinafika kwa nani. Mwaka huohuo serikali ya Mogadishu na AMISOM zilikuwa zimefanya tathmini ya pamoja, vikosi vikihesabiwa kambi kwa kambi. Baada yake ukaja usajili wa alama za vidole na mishahara kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya askari, bila kupitia mkoba wa kamanda. Ni kazi isiyo na picha za kuvutia, lakini imefanya zaidi ya kozi nyingi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari lenyewe halitoshi, hata hivyo. Danab, kikosi cha makomando kilichofunzwa na Marekani katika kambi ya Baledogle, ndicho kilichotajwa mara nyingi kuwa mfano wa mafanikio: askari wachache, waliochujwa, wanaolipwa, wenye kamanda mmoja. Aprili 2024 serikali ya Somalia ilitangaza kuwakamata baadhi ya askari wake kwa wizi wa chakula kilichotolewa na Marekani. Wapo waliolisoma tukio hilo kama ushahidi kwamba hakuna kinachofanya kazi. Mimi nalisoma kinyume chake. Wizi ulionekana, ukatajwa, watu wakakamatwa na serikali yao wenyewe, na Mogadishu ikasema italibeba jukumu la chakula. Kufikia mwisho wa 2008 walikuwa wametoroka watu wapatao 15,000 na hakuna aliyeulizwa.

Uhakiki unaotazama nyuma

Sheria inayojulikana zaidi katika eneo hili ina jina la Patrick Leahy, aliyekuwa seneta wa Vermont. Tangu 1997 imekuwa ikikataza msaada wa Marekani kwa kikosi chochote chenye ushahidi wa kuaminika wa ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu. Kabla ya kozi, majina hupita ubalozini na kisha Washington. Ni kinga ya kweli, na imewazuia wengi.

Tatizo ni kwamba inauliza ulifanya nini, haiulizi utawekwa wapi. Kisangani, mwaka 2010, Wamarekani walikifunza kikosi cha makomando cha 391 cha jeshi la Kongo. Majina yalihakikiwa, na haki za binadamu zilikuwamo kwenye masomo. Novemba 2012, baada ya waasi wa M23 kuiteka Goma, wanajeshi waliokuwa wakirudi nyuma walijikusanya Minova, kando ya Ziwa Kivu, wakiwa na njaa, wamelewa, bila uongozi. Ndani ya siku kumi wanawake na wasichana zaidi ya 100 walibakwa, na uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulikitaja kikosi cha 391 miongoni mwa vilivyohusika. Kesi iliyosikilizwa na mahakama ya kijeshi iliwashtaki watu 39. Waliotiwa hatiani kwa ubakaji walikuwa wachache mno, na makamanda wa juu hawakuguswa.

Kozi haikuwafundisha ubakaji. Lakini fedha zilizolipia miezi ya Kisangani hazikuwa na sehemu ya kufuatilia kikosi kinalishwa na nani, kinaongozwa na nani, na nani anaadhibiwa. Mwaka 2011 ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani, GAO, ilikwishaonya kuhusu IMET yenyewe: wasimamizi wake hawakuwa na njia nzuri ya kupima kama mafunzo yanatimiza malengo yake. Mwaka mmoja baadaye Kapteni Amadou Sanogo, aliyesoma Marekani kwa zaidi ya kozi moja, aliongoza mapinduzi ya Mali.

Upande wa anayepokea

Makala za aina hii huishia kwa mfadhili, kana kwamba mpokeaji ni chombo cha kumiminiwa. Historia yetu inasema vingine.

Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Lugalo ya leo, na wimbi likafika Jinja, Uganda, na Lanet, Kenya. Walikuwa wamefunzwa vizuri na Waingereza. Madai yao yalikuwa mawili: mishahara, na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza waliowaongoza. Nyerere aliuvunja mfumo ule na kuunda jeshi jipya, JWTZ, Septemba mwaka huohuo. Wakufunzi akawatafuta mahali tofauti: Wakanada, Wajerumani Magharibi kwa kikosi cha anga, na Wachina. Mwaka 1965 Bonn iliwaondoa wakufunzi wake kwa hasira ya uhusiano wa Dar es Salaam na Ujerumani Mashariki. Nyerere akawaambia wachukue na misaada yao mingine, na Kanada ikaziba pengo. Jeshi halikusambaratika, kwa kuwa mkufunzi aliyeondoka hakuwa ndiye mlipaji wa mishahara. Orodha ya askari ilikuwa ya Tanzania, na mlipaji alikuwa Hazina.

Mfano wa pili ni Burundi. Baada ya mgogoro wa 2015 Umoja wa Ulaya ulikataa fedha za askari wa Burundi walioko Somalia kuendelea kupita serikalini, kwa hofu kwamba utawala wa Bujumbura unanufaika nazo. Bujumbura ikatishia kuwaondoa askari wake. Mwanzoni mwa 2017 ikapatikana suluhu ya kupitishia posho kwenye benki ya biashara. Njia ya malipo, jambo linaloonekana la karani, ndiyo iliyobeba uhai wa operesheni nzima.

Basi fedha zisimamiweje?

Jibu la haraka ni kwamba mfadhili alipe na mishahara. Afghanistan inalipinga jibu hilo. Jeshi linalolipwa na mgeni huwa la mgeni, na Agosti 2021 ilionyesha linadumu muda gani baada ya mgeni kuondoka. Wafadhili wanaoogopa mzigo usio na mwisho hawana kosa. Kosa ni kuikimbia mishahara kwa kujificha kwenye kozi, kana kwamba kufundisha bila kujua nani atalipa ni tahadhari.

Kinachofaa ni kupanga kuanzia mwisho. Kabla kozi haijapitishwa, mpokeaji aonyeshe fungu la mshahara wa wahitimu kwa mwaka unaofuata katika bajeti yake mwenyewe. Likiwa pungufu, mfadhili aongezee kwa kiwango kinachoshuka kila mwaka, kwa ratiba iliyoandikwa na kujulikana na pande zote. Kuruta asajiliwe siku ya kuingia kambini, kwa alama za vidole, na akaunti yake ifunguliwe siku hiyohiyo. Uhakiki wa tabia urudiwe kikosi kinapopelekwa kwingine au kinapobadilishiwa kamanda. Na ripoti kwa bunge la mfadhili iache kutaja wahitimu, itaje waliobaki baada ya miezi 12 na 24.

Hayo yatapunguza idadi. Nchi itakayoweza kuonyesha mishahara ya watu 500 itafunzwa watu 500, hata kama picha za gwaride zingependeza zaidi na 3,000. Maofisa wa pande zote mbili watalalamika, na adui hatasubiri. Lakini askari 500 wanaojulikana majina ni jeshi. 3,000 waliotawanyika na bunduki ni wateja wa yeyote mwenye fedha.

Mabunge yetu nayo yana kazi. Kampala, Nairobi na Dodoma zinapokea wakufunzi wa kigeni na zinawafunza majirani, na mara nyingi raia husoma habari zake kwenye taarifa za ubalozi. Kamati za ulinzi na za hesabu za serikali zingeweza kudai mikataba hiyo ifike mbele yao, hata kwa kikao cha faragha, ikiwa na ukurasa mmoja tu wa lazima: nani analipa mshahara, kupitia akaunti gani, hadi lini, na nini kitatokea akiacha.

Kikosi kipya cha Umoja wa Afrika Somalia, AUSSOM, kilianza Januari 2025 bila chanzo cha uhakika cha fedha. Azimio 2719 la Baraza la Usalama, la Desemba 2023, liliruhusu michango ya lazima ya Umoja wa Mataifa kubeba hadi asilimia 75 ya gharama za operesheni za aina hiyo, lakini ruhusa haikugeuka kuwa fedha. Majeshi ya kigeni yakipungua, uzito wote utawaangukia askari wa Kisomali waliofunzwa na nchi zaidi ya kumi kwa lugha tofauti. Kozi nyingine zinakuja, na bajeti zake zitapita bila shida. Mshahara wa mwezi unaofuata kozi ndio utakaoamua askari hao wanabaki wa nani.